Chungu cha Togwa cha Mwita

Siku mliponiaga pale wodini, muuguzi mmoja kijana aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapakuliwa na watu walikuwa wananitazama. Alisema, "Mzee Makuru, shikamoo. Enzi zenu, kabla ya hizi sindano za kila mwezi, wagonjwa wa akili mlikuwa mnawatibu kwa kitu gani hasa?" Nilimwambia nitamwandikia. Sasa nimestaafu, asubuhi zangu zimekuwa ndefu, na mke wangu amechoka kunikuta jikoni nikimweleza namna ya kupanga sufuria. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara mnaujua zaidi kwa kuwa ndio huohuo mnaoulalamikia.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, Waingereza wakiwa bado wanatawala, nikiwa dresa. Dresa ndiye aliyesafisha vidonda, aliyechemsha sindano, aliyefagia, na kama hapakuwa na mwingine, ndiye aliyetibu. Mimi ni mtu wa upande wa Machochwe, baba Mwikoma na mama Mkurya, kwa hiyo lugha ya nyumbani kwa mama ndiyo iliyofanya nipangwe Tarime, kwenye dispensari ndogo karibu na Nyamwaga. Nilifika kwa lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia, na shati jeupe nimelificha ndani ya mfuko lisipate vumbi.

Mkuu wangu pale alikuwa Bwana Odera, Mjaluo kutoka kando ya ziwa, mrefu, Msabato, mtu wa maneno machache na subira nyingi. Alikuwa na baiskeli, na nyuma ya baiskeli alifunga kigoda cha miguu mitatu. Nilidhani kigoda kile ni cha kupumzikia njiani. Siku yangu ya kwanza ilinifundisha kilikuwa cha nini.

Asubuhi hiyo nilikuta mtu amefungwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Ndugu zake walikuwa wamemleta, kisha wakaenda kutafuta uji. Alikuwa anapiga kelele kwamba yeye ndiye Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, na kwamba sisi wote tumechelewa kazini. Nikasimama mbele yake na shati langu lililopigwa pasi, mikono nyuma, nikamweleza kwa sauti kavu kwamba yeye si Bwana Shauri. Akaamuru nikamatwe.

Bwana Odera alitoka ndani na kigoda chake, akakiweka karibu na yule mtu na kuketi, kichwa chake kikawa chini kuliko cha mgonjwa.

"Makuru, keti," akaniambia.

"Kiti kiko wapi, Bwana?"

"Ardhi imekuwepo kabla ya viti."

Nikaketi na suruali yangu safi. Akamgeukia mgonjwa. "Bwana Shauri, umelala lini?"

"Nalalaje? Nchi ni kubwa."

"Na kula?"

"Kesi ni nyingi."

Huku akiongea hivyo, Bwana Odera alikuwa ameshamshika mkono kama anayemsalimia, na mkono ulikuwa unawaka moto. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Tulimfungua, tukamtibu malaria, tukamnywesha, na baada ya homa kushuka aliamka akiwa fundi cherehani wa Nyarero, ameinamisha uso kwa haya. Bwana Odera akamwambia asione aibu. "Ulitoza watu faini asubuhi ukawasamehe jioni," alisema. "Tungempata Bwana Shauri wa namna hiyo, tungeshukuru."

Baadaye alinieleza mambo ambayo nami nimewaeleza wengi wenu hadi mkachoka. Ukimsimamia mtu aliyefungwa, anachoona ni askari mwingine amefika, kwa hiyo keti. Na kabla ya kuuliza habari za akili, uliza habari za mwili: homa, kifafa, kipigo cha kichwani, uzazi. Tulimpata mama mmoja aliyejifungua karibuni, ambaye watu wa kwao walisema amerogwa na mke mwenza kwa sababu alikuwa anamkataa mtoto na kuongea na ukuta. Tumbo lake lilikuwa limeoza ndani kutokana na kondo lililobaki. Alipopona tumbo, alimchukua mtoto wake mwenyewe bila kuambiwa. Mke mwenza, ambaye ndiye aliyekuwa amembeba mgongoni mpaka dispensari, hakuombwa radhi na mtu hata mmoja, ila Bwana Odera alimfuata mpaka njiani akampa mkono.

Dawa tulizokuwa nazo zingewachekesha ninyi. Kulikuwa na vidonge vya kifafa, ambavyo vilifanya kazi nzuri kama mtu hakuviacha. Kulikuwa na paraldehaidi ya kumlaza mtu aliyechafuka, maji yenye harufu kali iliyokaa kwenye pumzi ya mgonjwa, kwenye nguo za dresa, na nadhani hata kwenye uji. Ulipopita njiani watu walijua umetoka kumchoma nani. Tuliichoma kwa sindano ya kioo, ndani kabisa ya msuli, ukiwa mbali na mshipa wa mguu, na ukakaa na mtu mpaka uone anapumua vizuri. Hapo ndipo tulipofikia. Zaidi ya hapo palikuwa na gogo.

Gogo ni pande la mti lililotobolewa tundu, mguu ukapitishwa, na kipande kingine kikapigiliwa ili mguu usitoke. Msiwahukumu haraka waliotumia. Mama mjane aliye na mtoto mkubwa mwenye nguvu, anayekimbilia porini kwenye fisi au kwenye nyumba za watu, angefanya nini? Wengi waliokuwa kwenye gogo walikuwa wanaoshwa na kulishwa kila siku na mtu aliyewapenda. Nimeona mengi katika kazi hii, na watu niliowaheshimu kuliko wote ni hao waliobaki nyumbani na mgonjwa.

Mmoja wao alikuwa Bhoke, mama yake Mwita.

Mwita alikuwa kijana aliyekwisha kutahiriwa pamoja na wenzake wa rika, mlimaji hodari, bado hajaoa. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akawa anaongea na watu ambao wengine hawakuwaona, kisha siku moja mchana akachoma moto ghala la ulezi la jirani yao, Mzee Nyamhanga. Alisema watu wake walimwambia ndani ya ghala kuna adui. Hakuna aliyeumia, lakini ulezi wa mwaka mzima uliteketea. Bhoke alibeba ulezi wake mwenyewe kichwani akampelekea Mzee Nyamhanga. Mzee hakuupokea. Kwa watu wa pale, kukataa nafaka ya mtu ni kusema kwamba jambo halijaisha.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya chifu, alikuja kutuona dispensari. Alikuwa mtu wa haki, mwenye kofia ya jua na kikohozi cha tumbaku. "Chifu anataka apelekwe kwenye hospitali ya vichaa, kule kwa treni," alisema. "Askari atamsindikiza. Lakini mama yake amenililia. Nimemwambia hivi: tunaanza palizi sasa. Kama palizi itaisha na mwenye ghala akasema anaweza kuishi karibu na mtu huyu, nitamwombea kwa chifu abaki. Asiposema, ataondoka."

"Mwenye ghala ndiye atakayesema?" Bwana Odera aliuliza.

"Nani mwingine? Mimi ghala langu halikuungua."

Naomba mnielewe hapa. Baadaye nilifanya kazi na wauguzi waliotoka hospitali ile, na walikuwa watu wazuri waliojua kazi. Lakini kwa Bhoke ilikuwa safari ya siku nyingi kwenda mahali ambapo hakuna anayejua Kikurya, na alikuwa amewaona wawili wakiondoka na askari na hajawaona wakirudi. Kwake, mtoto kupanda treni ile ilikuwa sawa na kumzika bila kaburi.

Tulikwenda kwao na baiskeli, kigoda nyuma. Mwita alikuwa ameketi kivulini kando ya nyumba, mguu wa kulia ndani ya gogo, amevaa blanketi safi. Bwana Odera alimsalimia Bhoke, akaweka kigoda chake, akaketi.

"Mwita, mimi ni Odera wa dispensari. Nimekuja kukaa nawe."

Mwita akasema, "Kaa. Lakini umemkalia mtu wangu mmoja."

"Basi nasogea," Bwana Odera akasema, akakiinua kigoda na kukisogeza kando. "Hapa je?"

"Hapo ni sawa."

Mimi niliuma midomo. Njiani tukirudi nilimuuliza kwa nini amekubali kwamba watu wale wapo. Alisimamisha baiskeli. "Umenisikia nikisema nawaona?"

"Hapana."

"Nimesema nasogea. Yeye anawaona, na ni kwake. Mgeni akiambiwa asogee, anasogea." Kisha akapanda baiskeli tena.

Kwa bahati, mwaka huo ndipo vidonge vipya, klopromazini, vilipoanza kufika kwa daktari wa wilaya. Alitupatia chupa moja na maelezo mafupi kwenye karatasi. Bwana Odera alinisomea maelezo yale mara nyingi, akasimama kila sentensi kuuliza maana yake ni nini kwa mtu anayelima. Vinaleta usingizi, kwa hiyo kiasi kikubwa apewe jioni, aamke na nguvu ya kushika jembe. Akisimama ghafla ataona kizunguzungu, kwa hiyo aketi kwanza kitandani. Jua litamchoma ngozi, kwa hiyo atafutiwe kofia. Asinywe pombe kabisa, kwa sababu pombe na dawa hii zikikutana zinaweza kumlaza mtu asiamke.

Hatukuutoa mguu wa Mwita kwenye gogo siku ya kwanza. Tulisubiri dawa ianze kufanya kazi, huku tukimzoea naye akituzoea. Tulipoona analala na kula na kujibu anapoulizwa, mwanangwa akakubali, tukaondoa kile kipande kilichopigiliwa. Ninyi mtakaokutana na jambo hili, msimwambie mtu asimame. Mguu uliokaa hivyo umesinyaa na umesahau kazi. Tuliuosha kwa maji ya chumvi, tukausugua kwa samli, tukamwachia aukunje na kuunyoosha akiwa ameketi, na siku zilizofuata akaanza kusimama akishika bega la mama yake. Bhoke hakusoma shule, lakini hakukosea kidonge hata kimoja. Cha asubuhi alikiweka kwenye kibuyu cha maziwa, vya jioni kwenye kibuyu kingine, na akamtazama mtoto wake akimeza kabla ya kukamua ng'ombe.

Sauti zilipungua, kisha zikanyamaza. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa kijana na nilidhani ugonjwa ukiondoka mtu anarudi mwenyewe, kama mbuzi anavyorudi zizini.

Siku moja nilimkuta Bhoke anampigia Mwita kelele, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwita alikuwa ametema kidonge cha asubuhi kwenye majani.

"Muulize mwenyewe," Bhoke akaniambia. "Mimi amenichosha."

Nikaketi chini. Mwita akasema polepole, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni, akiniita mura, yaani kijana mwenzake, "Mura, vidonge vyenu ni vizuri. Wale watu wangu wamekwenda. Lakini hawa wengine nao hawasemi na mimi. Zamani angalau nilikuwa na wa kuzungumza nao."

"Nani hawasemi na wewe?"

"Risaga tatu zimepita hapa karibu. Hakuna aliyeniita."

Kwa wasiojua, risaga ni kazi ya pamoja. Mwenye shamba anatengeneza pombe ya ulezi, anawaita majirani, wanakuja na majembe asubuhi wanapalilia mpaka shamba linaisha, kisha wanaketi kuzunguka chungu kikubwa na kunywa kwa mirija mirefu, mama wa nyumba akiongeza maji ya moto. Leo kwako, kesho kwangu. Ndivyo palizi ilivyofanyika, na ndivyo watu walivyojua nani ni nani.

Bhoke akasema, "Asiyeitwa risaga amekufa, ila bado anakula."

Nilimpelekea Bwana Odera maneno hayo. Alichukua baiskeli akaenda kumtafuta Chacha.

Chacha alikuwa rika moja na Mwita, walitahiriwa pamoja asubuhi moja, na kwa Wakurya huo ni udugu ambao huwezi kuuacha hata ukitaka. Alikuwa mnene, mcheshi, na mpenzi mkubwa wa pombe, mtu ambaye alifika kwenye chungu wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Alisema kweli kwamba alikuwa anamwogopa Mwita. Kisha akasema risaga inayofuata atakwenda naye mwenyewe, na anayetaka kusema aseme.

Alikwenda naye. Tulisikia habari kesho yake kutoka kwa Chacha, aliyekuja dispensari amenuna.

"Amelima vizuri," alisema. "Mstari wake ulikuwa mbele ya wangu. Watu wameanza kumtazama kama mtu. Kisha tumeketi kwenye chungu, wakampa mrija, naye akasema hanywi."

"Tulimwambia asinywe," nikasema.

"Ndiyo, mlimwambia. Mlimwambia na nini cha kuwajibu watu?"

Hata mimi, ambaye mama yangu ni Mkurya, sikuwa nimefikiria. Anayekataa mrija kwenye chungu cha wote anasema moja kati ya mawili: nina kinyongo nanyi, au naogopa mmeweka kitu humo. Mzee Nyamhanga alikuwepo. Chacha alisema mzee aliuweka mrija wake chini, akaliokota jembe lake, akaondoka bila kuaga. Mwita alibaki ameketi na mrija mkononi kama mtoto aliyepewa kitu asichojua kazi yake.

"Bwana, anywe kidogo tu," nikamwambia Odera. "Kwa kuonekana. Kinywaji kimoja."

"Umeona kwenye chungu kile kuna kinywaji kimoja?" Bwana Odera akauliza. "Jua linatua wakiwa palepale. Na dawa iko kwenye damu yake. Sitamwambia anywe, halafu asiamke, nami nimweleze nini Bhoke."

"Basi tuseme ameokoka. Wewe Bwana Odera hunywi, na hakuna anayekununia, kwa sababu wanajua wewe ni Msabato."

"Usimtungie mtu dini ili ameze vidonge, Makuru. Siku ya Jumamosi utampeleka wewe kanisani?"

Chacha alicheka kwa mara ya kwanza. Ndipo tukaenda wote watatu kwa Bhoke, kwa kuwa hatukuwa na jingine. Alitusikiliza huku anapepeta ulezi. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Nitatengeneza togwa."

Togwa mnaijua, ni uji wa kimea kilekile, ila haujaachwa uchachuke. Rangi moja na pombe, chungu kimoja kwa umbo. Bhoke alisema kila risaga itakayomwita Mwita, atapeleka chungu cha togwa, kiwekwe pembeni ya kile cha pombe, na Mwita anywe kwa mrija kama wengine.

Bwana Odera alikuna kidevu. "Togwa ni ya watoto na wajawazito, Mama. Ataketi peke yake kwenye chungu cha watoto. Hiyo si aibu nyingine?"

"Hataketi peke yake," Chacha akasema. "Nitakunywa naye."

Sote tukamtazama.

"Mara moja?" Bwana Odera akauliza.

"Mpaka palizi iishe."

"Chacha, wewe unaipenda pombe."

"Ndiyo maana wataamini. Angefanya hivyo mtu asiyeipenda, wangesema nini? Wangesema anajipendelea tu."

Nimefanya kazi na madaktari wazuri, na nimewahi kuhudhuria semina za watu waliotoka nchi za mbali. Sijaona tiba iliyonivutia kama ile. Chacha aliyekuwa na hamu ya kila chungu alikaa palizi nzima akinywa uji mtamu, na majirani hawakumhurumia hata kidogo.

Risaga iliyofuata nilikwenda nami na jembe, kwa sababu Bwana Odera alisema tusitume mtu tunakoogopa kwenda wenyewe. Kazi ilipoisha, vyungu viwili viliwekwa. Mwita na Chacha wakaketi kwenye kile kidogo, mirija mirefu mikononi. Kelele zikaanza palepale.

"Chacha, mura, mama yako hakukuachisha ziwa vizuri?"

"Mwacheni, ana mimba."

"Itazaliwa lini?"

Chacha alivuta mrija wake kwa utulivu mkubwa. "Ninyi chekeni tu. Jua likitua mtahitaji watu wawili wenye akili wa kuwaonyesha njia za makwenu. Ndio hawa."

Kicheko kikapasuka. Na katika kile kicheko nilimwona Mwita akicheka, taratibu, kwa sauti iliyokuwa imekaa muda mrefu bila kutumika. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hanywi pombe. Walikuwa wanashughulika na Chacha. Nilielewa hapo kwamba Chacha hakuwa amejitolea tu kuacha pombe. Alikuwa amejitolea kuwa ndiye wa kuchekwa.

Mwita aliitwa risaga ya pili, ya tatu. Alitengenezewa kofia ya majani ya ukindu kwa ajili ya jua, na baada ya muda wanawake walimwita kwa kofia yake. Mikono yake ilitetemeka kidogo kwa sababu ya dawa, na Bwana Odera akapunguza kiasi cha dawa, hatua kwa hatua, akimtazama kila juma. Lakini kila alipokuwepo Mwita, Mzee Nyamhanga hakuja. Hakumsema vibaya. Hakuja tu. Na palizi ilikuwa inakwisha.

Shamba la mwisho lilikuwa la Bhoke mwenyewe. Mwanangwa alituma neno kwamba siku hiyo atapita, na kesho yake atakwenda kwa chifu na jibu moja kati ya mawili. Askari alikuwa ameshaambiwa ajiandae.

Tulifika mapema na kumkuta Mwita amesimama mwisho wa shamba, jembe begani, anatazama njia. Bhoke alikuwa ameweka vyungu vyote viwili kivulini. Chacha alikuwa ameshafika. Kwa muda tulikuwa sisi watano na ulezi na ndege. Mwita aliniambia, "Kama hawaji, usinichome ile dawa yenye harufu. Nitapanda treni mwenyewe." Nilimwambia tuanze kulima.

Tukaanza. Kisha wakatokea wawili kutoka bondeni, wakafuatwa na wanawake wenye majembe begani wakizungumza kuhusu mambo mengine kabisa, kisha wengine na wengine, mpaka mistari yote ikawa na watu. Wengine walianza kumtania Chacha kabla hawajafika. Mwita alilima tu, na jasho lilimfanya apepese macho sana.

Mzee Nyamhanga alifika jua likiwa limepanda. Alikuja na jembe lake la mpini mfupi. Hakusalimia upande wowote. Alipita mistari yote ya watu akaingia kwenye mstari ulio karibu na wa Mwita, akaanza kupalilia. Wakalima hivyo bega kwa bega mpaka mwisho wa shamba, wakageuka, wakarudi. Sikusikia wakisema kitu. Labda hawakusema.

Kazi ilipokwisha watu wakaosha mikono wakaketi. Mwanangwa alikuwa amefika, kofia ya jua magotini, akiwa upande wa chungu kikubwa, na alipewa mrija wa kwanza kama ilivyo heshima. Mahali palikuwa pameachwa kwa Mzee Nyamhanga karibu naye. Mzee alisimama kidogo, akapaangalia mahali pale, kisha akatembea mpaka chungu kidogo, akaketi kando ya Chacha kwa uzito wa uzee.

"Tumbo langu halitaki pombe leo," alisema, bila kumtazama mtu. "Nipeni mrija huku."

Hakukuwa na mrija wa tatu. Chacha alitaka kutoa wake, lakini Mwita ndiye mwenyeji, na kwa desturi mwenyeji ndiye anayeonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba kilichomo ni salama. Mwita aliinama, akavuta togwa kwa mrija wake, akameza, akasubiri kidogo. Kisha akamnyooshea mzee mrija uleule.

Mwanangwa aliacha kunywa. Bhoke alikuwa amesimama na sufuria ya maji ya moto na hakuimimina popote.

Mzee Nyamhanga aliupokea mrija. Hakuufuta. Akauweka mdomoni, akanywa kwa muda mrefu, kisha akamwambia Mwita, "Mwambie mama yako kesho asubuhi aniletee ule ulezi."